Asili ya Vijiji na Asili ya Tata Mukendi

Mwezi wa tatu mwaka 1993 ofisi yetu ya ramani hapa Kolwezi ilimpoteza mchoraji wake, Tata Mukendi. Tulipoteza pia nusu ya habari za vijiji vya mpakani, kwa sababu nusu hiyo ilikuwa kichwani mwake. Ninyi mnaofanya kazi hiyo sasa mmeniomba niandike jinsi sisi tulivyoifanya. Nimesoma shule ya msingi na miaka miwili ya sekondari, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi.

Niliingia ofisini mwaka 1981, wakati mkoa uliitwa Shaba. Ofisi ilikuwa vyumba viwili mtaa wa Manika, na kazi yake ilikuwa moja: kujua teritwari, yaani eneo, yote ya kusini na magharibi, kutoka kwenye migodi hadi mpakani. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na karatasi yake. Karatasi ilisema kijiji kiko wapi, kinakunywa maji ya kijito gani, chifu ni nani, na watu wake walitoka wapi. Sehemu hiyo ya mwisho tuliiita asili.

Siku ya kwanza nilipewa mnyororo wa kupimia wa mita ishirini, na nikaambiwa niufungue bila kuufunga mafundo. Nilishindwa. Tata Mukendi alikuwa ameinama juu ya meza yake ya kuchorea, hakuinua kichwa.

“Mutoto wa nani huyu?” akamuuliza shefu, mkuu wa ofisi.

“Wa Kapata. Jina ni Muteba.”

“Muteba? Basi ni Mulunda. Atatusaidia kule kwa bachifu.”

Mimi ni Mlunda kweli, lakini nilikulia Kapata, kwenye nyumba za kampuni ya madini, ambako baba yangu alikuwa fundi wa umeme. Kijiji chetu nilikuwa nimekiona mara mbili, zote kwa misiba. Tata Mukendi alikuwa Mluba wa Kasai, kule kaskazini yetu. Babu yake aliletwa na reli, baba yake alichimba shaba, yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi, hapa hapa Kolwezi, na hakuwahi kufika Kasai hata siku moja. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kupangusa kalamu yake ya wino kwenye mkono wa shati, ndani, mahali mke wake asingepaona. Mke wake alipaona.

Somo la kwanza alilonipa lilihusu mpaka. Watu wengi hudhani mpaka wetu wa kusini unafuata mto. Haufuati mto. Unafuata mahali maji yanapoachana: mvua inayoanguka upande huu inakwenda Lualaba, inayoanguka upande ule inakwenda Zambezi. Kwenye karatasi ni mstari safi. Ukifika pale unakuta nchi tambarare, majani marefu, udongo wa mchanga, na huoni kitu chochote kinachoachana. Kuna nguzo za saruji, lakini nyingine zimefunikwa na vichuguu, na nyingine watu wamezitoa ili kunolea majembe. Kwa hiyo tulikuwa tunakwenda mvua zikianza, tunasimama kwenye majani, tunaangalia maji yanaelekea wapi. Ni kazi ya serikali pekee niliyowahi kuifanya ambayo ilihitaji kulowana.

Somo la pili nililipata kwa aibu. Katika safari yangu ya kwanza tulifika kwa chifu mmoja mzee, karibu na reli inayokwenda Dilolo. Tulipiga makofi, tukapiga magoti, tukamwita Mwanta, yaani bwana, kama inavyotakiwa. Tata Mukendi alinipa daftari niandike. Chifu akaanza: “Nilitoka Nkalanyi. Nilivuka mto Lulua na mishale yangu. Nikakuta watu hapa, nikawaomba mahali pa kulala, wakanipa. Mdogo wangu akaendelea mbele, akajenga kule mlimani.”

Niliandika. Nkalanyi ni kule kaskazini, Walunda wanakosema walitoka. Jioni, kwenye ripoti, nikaongeza kwa uaminifu kwamba chifu anaonekana kuwa na miaka sabini hivi, hawezi kutembea bila fimbo, na hadithi ya kuvuka Lulua na mishale inaonekana kuwa uongo.

Tata Mukendi alisoma ripoti ile mara mbili. Kisha akaweka karatasi chini, akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

“Muteba. We ni Mulunda, mi ni Muluba. Sasa mi njo nitakufundisha bintu bya kwenu?”

“Tata, mzee huyu hakuvuka kitu.”

“Jina lake ilivuka. Mwenye anarisi jina anarisi na bitendo. Chifu wa kwanza alivuka, huyu wa leo njo yeye. Anasema ‘mi’, na habongope.”

Akanieleza kwamba “mdogo wangu” vilevile si ndugu wa tumbo moja. Ni jina lililotoka kwa jina. Wanaokaa kwenye majina hayo wanaweza kuwa babu na mjukuu, lakini mmoja atabaki mkubwa na mwingine mdogo mpaka mwisho wa dunia. Kutoka hapo akanipa kanuni ambayo ofisi yetu ilifuata miaka yote: asili haiulizi mtu alizaliwa wapi, inauliza jina lake lilitoka wapi. Niliiandika ndani ya jalada la daftari langu. Ilikuwa kanuni nzuri. Kwa vijiji bado ni nzuri.

Kesi ngumu zilikuwa za vijiji viwili vinavyogombea kijito. Kila chifu anasema yeye alifika kwanza. Mjifunze hili kwa Tata Mukendi: asili ya nchi usimwulize chifu peke yake. Kaa mahali pa kuchotea maji, waulize akina mama majina ya vijito, hata vile vidogo vinavyokauka mwezi wa nane. Wenye kufika baadaye hupewa nchi pamoja na majina yake. Chifu anaweza kuwa Mlunda mtupu, lakini kama vijito vyake vina majina ya lugha nyingine, ujue kuna aliyekuwa pale kabla yake.

Nakumbuka kesi moja upande wa mpaka wa Angola. Chifu alikuwa ametukatalia mchana kutwa kwamba aliwakuta watu pale. Mama mmoja, akiwa na ndoo kichwani, akamwambia Tata Mukendi, “Mnamsumbua bure. Kila mwaka wakichoma majani, yeye anangoja moto utoke kwa wale wa kijiji cha pili.” Tukarudi kwa chifu. Tata Mukendi akamuuliza kwa heshima ni nani anayewasha moto wa kwanza wa majani, maana moto huo huwashwa na mwenye nchi. Chifu akaomba tumbaku, akavuta, halafu akasema, “Niliomba nchi. Wakanipa. Andika basi, lakini andika na kwamba niliomba vizuri.” Tata Mukendi aliandika hivyo hivyo. Katika karatasi zake hakuwahi kutumia neno “wageni”. Aliandika “waliokuta” na “waliokutwa”. Shefu alimwambia maneno hayo yanachukua nafasi kubwa. Akajibu kwamba nafasi ipo.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mambo yakaanza kuharibika, polepole, kama paa linalovuja. Jipu, gari la ofisi, lilikufa kwanza. Tukaenda kwa baiskeli, kisha kwa treni pale ilipopita, kisha hatukwenda. Karatasi ya kalki, ile nyembamba ya kuchorea, iliisha. Tata Mukendi akaanza kuchora nyuma ya ramani za zamani. Wino aliuongeza maji mpaka mito yote ikawa rangi ya chai. Kule kwenye kampuni ilikuwa vilevile, mashine zilisimama moja moja. Watu walianza kutafuta ni nani aliyesababisha.

Walimpata haraka. Mwaka 1992 maneno yalikuja kwenye redio na kwenye mikutano, kwamba watu wa Kasai wamejaza kazi zote na warudi kwao. Vijana wakaanza kuwaita bilulu, wadudu. Nilisikia neno hilo mara ya kwanza kwenye soko la Manika, kwa mtu aliyekuwa akinunua nyanya kwa mama wa Kasai. Alilisema, akachukua nyanya zake, akaenda. Mama yule akapanga upya zilizobaki.

Ofisini hatukulizungumza. Tulikuwa watu saba. Siku moja, mapema mwaka uliofuata, watu wawili wa kamati ya mtaa walikuja wakaongea na shefu mlango ukiwa umefungwa. Walipotoka, shefu aliniita. Orodha zote za ofisi alikuwa akiziandika Tata Mukendi, kwa sababu ya mwandiko wake. Hii alinipa mimi. Ilikuwa karatasi yenye mistari mitatu ya kushuka: jina, kazi, asili.

Nitasema lililotokea kama lilivyotokea. Sikuuliza orodha ni ya nini. Baadaye niliwaambia watu kwamba sikujua. Nilijua nusu, na ile nusu nyingine nilikuwa nimeamua kutoitafuta. Nilikaa, nikaandika majina saba. Nilipofika kwa Tata Mukendi nilisimama kidogo. Ningeweza kuandika Musonoi, maana alizaliwa pale, na haingekuwa uongo. Lakini mkono wangu ulikuwa na miaka kumi na miwili ya kazi, na kazi ilisema asili ni mahali jina lilipotoka. Niliandika Kasai. Nilijisikia hata nimefanya sawasawa. Nikampa shefu karatasi, nikaenda kula.

Siku ya tatu orodha ilibandikwa ukutani, karibu na mlango, na majina ya ofisi nyingine. Wa Kasai walikuwa wamepigiwa mstari. Kwetu alikuwa mmoja. Tata Mukendi alifika na baiskeli yake, akasimama mbele ya karatasi akiwa bado ameshika usukani. Nilikuwa nyuma yake. Alitambua mwandiko, bila shaka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika herufi K namna ile.

“Uliandika sawa vile nilikufundisha,” akasema.

Hakusema kwa hasira wala kwa utani. Alisema kama anavyosema mtu anayekagua kazi. Akaegesha baiskeli, akaingia, akachora mpaka saa nane. Kesho yake hakuja.

Siku hiyo ndipo nilikwenda kwa shefu kumwomba nibadilishe ule mstari. “Ubadilishe nini?” akaniuliza. “Karatasi iko kwao. Na ni kweli, hapana?” Nilisema ni kweli, ila alizaliwa hapa. Akaniambia nikae kimya, kwa sababu mke wangu pia alikuwa na shangazi aliyeolewa na Mkasai. Nikakaa kimya. Sikuwa na sababu nyingine.

Nyumba yake Kapata ilikuwa mstari wa tatu kutoka kwetu. Majirani walikuja asubuhi, watu tuliosali nao, wakamwambia atoke kabla ya Jumapili ili asiguswe. Alitoka Ijumaa, na mke wake, watoto wanne, masufuria, godoro, na sanduku la kalamu. Walikwenda stesheni. Kule kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Waliishi juu ya mizigo, chini ya mashuka, kando ya reli, wiki baada ya wiki, wakingoja treni. Kipindupindu kilifika kabla ya treni.

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza niligeuka kabla ya kufika. Mara ya pili nilibeba unga wa muhogo na samaki wakavu. Mke wake, Mama Ngalula, aliniona wa kwanza.

“Karibu, Tata Muteba. Umekuja kutupima?” akasema. “Pima basi. Kutoka hapa kwa sufuria mpaka pale kwa godoro, njo kwetu yote.”

“Mama Ngalula, nimeleta unga.”

“Naona. Weka. Huyu bwana yangu alikataa kula cha watu, pengine cha kwako atakula, maana siku zote anakuitaka mutoto.”

Tata Mukendi alikuwa amekaa juu ya sanduku. Alikuwa amepungua. Nilitaka kumwambia neno kuhusu orodha, nilikuwa nimelipanga njia nzima. Hakunipa nafasi. Alianza kunitajia vijito.

“Bijito bya upande wa mashariki habijaisha,” akasema. “Kutoka nguzo ya saba. Nilipata majina kwa bachifu tu. Usiandike kwa wino kabla ya kusikia bamama. Umesikia?”

“Nimesikia, Tata.”

“Na kile kijito chenye kuwa na majina mbili, andika majina zote mbili. Usichague.”

Aliendelea hivyo karibu saa nzima, kijito kwa kijito, na mimi nikaandika kwenye karatasi ya unga kwa sababu sikuwa na daftari. Binti yake Ngalula, aliyekuwa na miaka kama kumi na mitano, alikaa kando akisikiliza kila kitu na kunitazama. Nilipoondoka sikuwa nimesema nililokuja kusema.

Mara ya tatu nilikuta pale walipokuwa pana watu wengine. Treni ilikuwa imepita, mabehewa ya wazi ya kubebea madini. Barua kutoka Kasai ilinifikia baada ya miezi mingi, kwa mkono wa msafiri: Tata Mukendi alikufa njiani kabla ya Kamina. Walimzika karibu na reli treni iliposimama, na treni ikaondoka. Barua haikutaja ni kwenye kilomita ya ngapi. Nimepita reli ile mara nne tangu hapo, kwa kazi. Kuna makaburi mengi.

Nilikabidhiwa meza yake. Nilifanya kazi juu yake miaka yote iliyobaki. Vijito vya mashariki vilinichukua miaka kadhaa, kwa miguu na baadaye kwa pikipiki, wakati wa vita na baada ya vita. Katika vijito vilivyokuwa kwenye karatasi ya unga, vitano vilikuwa na jina lingine kwa akina mama, kama alivyoshuku. Baadaye mkoa uligawanywa na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Kompyuta zikaja, wachimbaji wadogo wakajaa Musonoi, vijiji vingine vikahamishwa na asili yake ikawa mahali penye shimo. Ninyi mnayajua hayo kuliko mimi. Mkipokea karatasi yenye safu ya asili, ulizeni ni ya nini. Ulizeni kwa sauti, mbele ya watu. Hilo ndilo shauri langu, na sikulifuata lilipohitajika.

Miezi michache kabla ya kustaafu, mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge cha bluu alikuja nyumbani kwangu Kapata. Alisimama uani, akanitazama, nikamtambua kwa macho yale.

“Tata Muteba. Mi njo Ngalula.”

Alikaa. Aliishi Mbuji-Mayi, alikuwa mwalimu. Kule, alisema, mpaka leo wanawaita watu wa Katanga, yaani wa huku kwetu, na wakikosana na jirani wanaambiwa warudi kwao. Alihitaji cheti cha kuzaliwa, kwani cha zamani kilipotea stesheni. Ofisi ya Manika ilitaka shahidi aliyewajua wazazi wake. Hakuna mwingine aliyebaki.

Nilimwambia kabla mke wangu hajaleta maji. Nilimwambia kuwa mimi ndiye niliyeandika orodha, nilivyosimama kidogo, na nilichoandika.

“Tunajua,” akasema. “Tata alituambiaka kule stesheni.”

“Alisemaje?”

“Alisema uliandika sawa. Mama hakukubali. Mpaka kufa hakukubali.”

“Mama alikuwa na haki.”

“Kama uliandika Musonoi, tungebaki?”

Nilifikiri, kwa sababu alistahili jibu la kweli. “Hapana. Majirani walijua. Wangekuja tu.”

“Basi.”

“Lakini wangekuja bila karatasi yangu.”

Maji yalikuja, Ngalula akanywa, akaniuliza kama kesho asubuhi nitaweza kwenda naye.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Karani alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi. Aliuliza jina, mwaka, mtaa, akaandika. Kisha akauliza asili ya baba. Nilijibu mimi, kabla ya Ngalula kufungua mdomo.

“Kolwezi.”

Karani akaniangalia. “Tata, na hii jina ya Mukendi, si ya Kasai?”

“Alizaliwa hapa, Musonoi. Andika Kolwezi.”

Ngalula aliweka mkono juu ya meza. “Andika Kasai,” akasema. “Tata yangu hakukatalaka Kasai hata siku moja. Andika Kasai, na kisha andika alizaliwa Musonoi.”

“Mama, ni mustari moja tu.”

“Andika kidogo-kidogo.”

Karani alichukua kalamu yenye ncha nyembamba zaidi, akainama, akaandika. Yalienea yote mawili. Akageuza karatasi upande wangu, akanionyesha mahali pa shahidi, nikaweka sahihi.